Sukari tele, mnofu haba: kisa cha miwa na urea kule Chetumal

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa mifugo waliokuwa Chetumal, mji wa kusini-mashariki mwa Meksiko karibu na mpaka wa Belize, walikutana na jambo ambalo kwa macho halikueleweka. Mafahali wao wa Zebu walikuwa bandani, kivuli kipo, maji yapo, na hori limejaa miwa iliyokatwakatwa. Ukiondoa maji kwenye muwa uliokomaa, karibu nusu ya kinachobaki ni sukari. Juu ya miwa hiyo walinyunyiza urea iliyoyeyushwa, ili vijidudu vya tumboni visikose naitrojeni. Ukipiga hesabu ya nishati peke yake, mafahali wale walitakiwa kunenepa. Hawakunenepa. Walishikilia uzito wao na kuongeza kidogo mno.

Baadaye wakaanza kuwapa pumba laini za mpunga, ule unga unaobaki mchele unaposuguliwa kuwa mweupe. Walijaribu viwango mbalimbali, kutoka sifuri hadi takriban kilo moja kwa fahali kwa siku. Hapo mizani ikaanza kusogea. Kipimo cha kwanza kidogo ndicho kilicholeta mruko mkubwa kuliko vyote. Kadiri pumba zilivyozidi, nyongeza ya kila kipimo kipya ilipungua. Wanyama waliokuwa wamesimama walianza kuongeza uzito wa kuridhisha, na miwa yenyewe wakaila zaidi.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Kwa kawaida ukimwongezea ng'ombe chakula kingine, hupunguza kile cha kwanza. Hapa pumba zilimfungulia hamu ya miwa. Mwenye kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo ameelewa sehemu kubwa ya lishe ya mnyama anayecheua katika nchi za joto, na hatapoteza fedha yake kwenye madebe ya molasi, ule uji mzito unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa, kila kiangazi akingoja mnofu usiokuja.

Tuanzie nyuma kidogo. Mtu aliyekuwa katikati ya kazi hii ni Thomas Reginald Preston, mtaalamu wa lishe ya mifugo kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskoti, na alijulikana kwa mfumo wa kunenepesha madume kwa shayiri. Mwaka 1965 akaenda Kuba, katika Taasisi ya Sayansi ya Wanyama iliyoanzishwa mwaka huohuo. Kuba hakukuwa na shayiri, kulikuwa na miwa mpaka upeo wa macho, na viwanda vya sukari vilivyomwaga molasi. Kwa hiyo yeye na wenzake wakaunda mlo wa ajabu: fahali alijilia molasi kadiri alivyotaka, imechanganywa na urea ya asilimia 2.5 hadi 3 hivi, akapewa majani mabichi kidogo tu, na unga wa samaki usiofika nusu kilo kwa siku. Wanyama waliongeza kati ya gramu 800 na 900 kwa siku. Habari ikaenea duniani kwamba Kuba inanenepesha ng'ombe kwa molasi.

Waliosambaza habari hiyo wengi waliuacha ule unga wa samaki nje ya sentensi. Nalitaja kwa uchungu, maana hadi leo ushauri unaowafikia wafugaji wetu unakuja umekatwa mahali hapohapo. Utasikia "molasi hunenepesha", "miwa ina nguvu", na mwenye ng'ombe wake anatoka kwenda kutafuta pipa. Nusu ya pili ya maneno, ile yenye protini, haijamfikia.

Chetumal swali lilikuwa lingine. Molasi ni ya kiwanda. Mfugaji mdogo hana kiwanda. Ana panga, ana kipande cha shamba, labda ana mashine ya kukatia majani. Je, anaweza kuruka kiwanda na kumpa ng'ombe muwa mzima, kilele na shina pamoja? Swali hilo lilikuwa na mantiki nzuri, kwa sababu muwa una tabia ambayo majani mengine hayana. Matete au majani ya Guinea yakikomaa huwa magumu, na kila wiki inayopita ng'ombe hupata kidogo zaidi kutoka kwenye kilo ileile. Muwa nao huongeza ugumu, lakini papo hapo unajaza sukari, na sukari inafidia ugumu. Matokeo yake ubora wake kwa ng'ombe haushuki unapokomaa. Kingine ni kwamba sukari hufikia kilele wakati wa ukavu, majira ambayo malisho yamegeuka mabua. Shamba la miwa ni ghala la chakula lililosimama wima, halihitaji paa wala mifuko, na linajazwa msimu uleule ambao kila kitu kingine kinakwisha.

Basi kwa nini mafahali hawakunenepa?

Chukua fahali wa kilo 250 na umfuate tumboni. Tuseme anakula kilo 17 za miwa mibichi kwa siku. Karibu asilimia 70 ya huo ni maji, kwa hiyo uzito mkavu ni kilo 5. Ndani yake sukari ni kilo mbili na ushei. Protini ghafi, ile inayokadiriwa kwa kupima naitrojeni yote, ni kama asilimia 3, yaani gramu 150 tu. Mafuta karibu hakuna. Kinachobaki ni nyuzinyuzi, nyingi zikiwa za ganda gumu la nje.

Chakula hiki kinaingia kwanza kwenye tumbo kubwa la kucheulia, rumeni. Huko ng'ombe hameng'enyi kitu kwa vimeng'enyo vyake mwenyewe. Wanaofanya kazi ni bakteria, protozoa na kuvu, mabilioni kwa mabilioni. Sukari ya muwa huyeyuka kwenye maji ya rumeni mara tu muwa unapotafunwa, na vijidudu huivamia na kuimaliza kwa muda mfupi. Wanachotoa ni asidi tatu kubwa: asetiki, propioniki na butiriki. Ng'ombe huzinyonya kupitia ukuta wa rumeni na kuzitumia kama nishati. Wakati huohuo vijidudu wenyewe huongezeka, kisha husukumwa kwenda matumbo yanayofuata, huko huuawa na kumeng'enywa. Miili yao ndiyo protini ya ng'ombe. Kwa fahali anayekula miwa na urea tu, hiyo ndiyo karibu protini yote aliyo nayo duniani.

Sasa hesabu. Katika zile kilo 5 za uzito mkavu, zinazomeng'enywa ni kama kilo 3. Kwa wastani unaotumiwa sana katika lishe ya ng'ombe, kila kilo inayomeng'enywa hutoa gramu 130 hivi za protini ghafi ya vijidudu. Kilo 3 zinatupa gramu 390. Si yote ni protini ya kweli, na ya kweli nayo haimeng'enywi yote. Ukiondoa sehemu hizo mbili, kinachofika kwenye damu kama asidi-amino, vile vipande vinavyojenga protini, ni gramu 250 hivi. Na fahali wa kilo 250 anahitaji gramu ngapi kwa siku ili asipungue tu, alivyo, bila kuongeza hata chembe? Karibu 240.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Gramu 250 zinaingia, gramu 240 zinaishia kwenye kujikimu. Zinabaki gramu 10 za kujengea mnofu. Anayetaka fahali huyo aongeze gramu 800 kwa siku anahitaji juu ya kujikimu gramu 250 hadi 300 nyingine, yaani ampatie mara mbili ya anachopata. Mafahali wa Chetumal waliosimama uzito hawakuwa wagonjwa, wala mbegu yao haikuwa mbaya. Walifanya kile hasa ambacho chakula chao kiliruhusu.

Na urea ilifanya kazi gani? Bila urea hata hizo gramu 250 zisingefikiwa. Vijidudu vikitaka kutengeneza gramu 390 za protini vinahitaji naitrojeni kama gramu 62. Miwa yenyewe inaleta gramu 24, na sehemu yake imeshikamana na nyuzinyuzi haitoki kirahisi. Pengo ni gramu 40 hivi. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo pengo hilo ni gramu 90 za urea kama hakuna kinachopotea. Na kwa kuwa urea huvunjika kuwa amonia haraka sana na sehemu yake huishia kwenye mkojo, watu hutoa zaidi ya hapo. Urea basi inawezesha vijidudu kuitumia sukari iliyopo. Lakini haiwezi kuvifanya vizidi kiasi cha chakula kinachochachuka. Ukiongeza urea juu ya urea hupati nyama, unapata sumu.

Hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu watu wengi, hata wenye vyeti, husema "urea ni protini". Urea ni naitrojeni ya vijidudu. Protini ya fahali ni miili ya vijidudu pamoja na kile kidogo cha kwenye chakula kinachovuka rumeni bila kuvunjwa. Katika miwa, hicho cha pili ni kama hakipo.

Kuna upungufu mwingine, nao hauonekani kwa urahisi. Mnyama anahitaji glukosi: ubongo unaihitaji, na hata kuhifadhi mafuta mwilini kunahitaji sehemu yake. Mtu akila muwa sukari inaingia kwenye damu. Ng'ombe akila muwa, sukari inaliwa na vijidudu karibu yote ndani ya rumeni, na kwenye utumbo mwembamba inafika karibu na sifuri. Glukosi anayotumia ng'ombe lazima ini lake liitengeneze, na malighafi yake kubwa ni asidi ya propioniki pamoja na asidi-amino. Kwa milo ya molasi ya Kuba, vipimo vilionyesha asidi ya butiriki ikiwa juu isivyo kawaida na propioniki ikiwa chini. Fahali amejaa sukari mpaka koo, na mwili wake unaihangaikia glukosi. Tena ini linapokosa propioniki hugeukia zile asidi-amino chache, na hapo hata gramu 10 zilizokuwa zimebaki zinaliwa.

Sasa turudi kwenye pumba. Kilo moja ya pumba laini za mpunga ina protini kama gramu 130. Nimeshasema pengo la kufikia gramu 800 kwa siku ni karibu gramu 250 au zaidi, na si protini yote ya pumba inayovuka rumeni. Kwa hiyo pumba peke yake hazingeweza kuziba pengo. Hesabu inakataa. Ila mizani ilikubali.

Ufumbuzi uko kwenye yale mambo matatu ambayo pumba zinaleta kwa mpigo. Sehemu ya protini yake inavuka hadi utumbo mwembamba. Sehemu ya wanga wake nayo inavuka, na huko inageuka kuwa glukosi yenyewe. Vipimo vilivyofuata, vya chakula kinachopita kwenda utumbo mwembamba wa ng'ombe waliopewa miwa, viliunga mkono jambo hili. Mafuta yake, ambayo ni mengi kwa pumba zilizo mbichi, yanampa fahali mafuta ambayo vinginevyo angeyatengeneza mwenyewe kwa gharama ya glukosi. Mwili unapopata uwiano huo, breki inayozuia ulaji inalegea. Fahali anakula miwa zaidi, miwa zaidi inachachuka, vijidudu vinaongezeka, protini ya vijidudu inaongezeka. Kilo moja ya pumba imeleta faida yake yenyewe pamoja na faida ya kilo kadhaa za miwa ambayo isingeliwa. Preston na Ron Leng, wa Chuo Kikuu cha New England huko Armidale, Australia, waliijenga hoja hii kwa miaka mingi baadaye: kwamba katika vyakula duni vya nchi za joto, kwanza ulishe vijidudu, kisha umlishe mnyama juu ya vijidudu, kwa kitu kidogo kinachovuka.

Kulikuwa na dhana nyingine iliyokuwa na nguvu wakati ule, nayo ilikuwa ya ganda. Katika miaka ya 1960 Wakanada walibuni mashine ya kupasua muwa na kukwangua nyama yake ya ndani, ganda likabaki pembeni. Majaribio ya kulisha ng'ombe nyama hiyo ya muwa yalifanyika Barbados, na pamoja na nyongeza ya protini wanyama walikua vizuri. Wengi wakaamini adui ni ganda: ondoa ganda, umemaliza kazi. Dhana haikuwa ya kipuuzi. Nyuzinyuzi za muwa ni kati ya zile zinazomeng'enywa taratibu sana, hukaa rumeni muda mrefu, na rumeni iliyojaa maganda haina nafasi ya chakula kipya. Lakini Chetumal walipolinganisha muwa uliomenywa na muwa mzima uliokatwakatwa, kwa viwango mbalimbali vya pumba, kilichotawala matokeo kilikuwa pumba. Kumenya hakukuondoa haja ya nyongeza. Mashine ya gharama ikapoteza maana kwa mfugaji wa kawaida, na nadhani hilo ni mojawapo ya matokeo mema kabisa ya kazi ile, maana liliirudisha miwa mikononi mwa mtu mwenye panga.

Ukubwa wa vipande ni habari nyingine. Angalia hori la ng'ombe anayelishwa miwa iliyokatwa kwa panga vipande vya urefu wa kidole. Anachagua vilele, anatafuna vile laini, anamumunya vigumu na kuvitema. Jioni chini ya hori kuna rundo la vishina vyenye alama za meno, vikavu kwa nje, vitamu bado kwa ndani. Mashine inayokata vipande vya sentimita moja au mbili inamnyima nafasi ya kuchagua, na juisi inatoka kirahisi. Ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kati ya mabanda yanayofanikiwa na yasiyofanikiwa, ukiacha protini.

Na usiikate ya kesho. Miwa iliyokatwa asubuhi ikilundikwa hadi kesho yake inaanza kunuka dengelua, pombe ya miwa. Hamira ya asili iliyo kwenye majani inaigeuza sukari kuwa pombe na hewa, na lile joto unalolisikia ukiingiza mkono kwenye lundo ni nishati ya ng'ombe wako inayoondoka. Wabrazili, ambao wameifanyia kazi sana miwa ya mifugo, walihangaika sana na tatizo hilohilo kwenye sileji ya miwa, yaani miwa iliyovundikwa ili ikae, na wanatumia chokaa au bakteria maalumu kuzuia hamira. Kwa mfugaji mdogo njia nyepesi ni kuiacha imesimama shambani na kukata ya siku.

Turudi ndani ya rumeni, kuna wakazi niliowapita haraka: protozoa. Milo yenye sukari nyingi huwastawisha mno. Wana sifa moja nzuri: humeza sukari na kuihifadhi mwilini mwao, hivyo uchachukaji hauendi kwa fujo, na asidi ya rumeni kwa ng'ombe wa miwa haikuonekana kupanda kama ya ng'ombe aliyebugia nafaka. Ubaya wao ni kwamba chakula chao kingine ni bakteria. Wanazila, na wao wenyewe hukaa rumeni badala ya kusafiri mbele, kwa hiyo protini iliyotengenezwa huzungukazunguka humo bila kumfikia mwenyewe. Mwaka 1978 Bird na Leng huko Australia walionyesha kwamba ng'ombe walioondolewa protozoa, wakiwa kwenye mlo wenye sukari nyingi na protini kidogo, walikua haraka zaidi kuliko wenzao. Dawa ya kufanya hivyo kwa usalama shambani haikuenea. Lakini matokeo yale yanathibitisha kutoka upande mwingine jambo lilelile: nishati ilikuwepo ya kutosha, kilichopungua ni asidi-amino zinazofika mbele.

Hapa unaingia pia ugonjwa uliojitokeza Kuba. Katika mabanda yale ya molasi, baadhi ya ng'ombe walianza kuyumba, mate yakiwatoka, vichwa chini, wengine wakipoteza kuona. Wafugaji wa huko waliuita ulevi. Uchunguzi ulikuta ubongo umeharibika kwenye tabaka la nje. Ulitokea zaidi pale majani yalipopunguzwa mno, rumeni ikapunguza mwendo wake, na ubongo ukawa kama umenyimwa glukosi na vitamini B1. Muwa mzima una nyuzinyuzi zake mwenyewe, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo sana kwake. Anayetumia molasi kwa wingi ndiye anayepaswa kuogopa, na kinga yake ni ya kawaida kabisa: majani ya kutosha, kila siku, bila kuruka. Ng'ombe aliyeanza kuyumba aondolewe molasi, apewe majani, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo.

Katika utekelezaji, kipimo kilichokubalika zaidi ni cha Brazil, na kimesimama miaka mingi shambani. Wanachanganya sehemu 9 za urea na sehemu 1 ya salfati ya amonia, kwa kuwa vijidudu vinahitaji salfa ili kutengeneza baadhi ya asidi-amino na miwa haina ya kutosha. Kilo 1 ya mchanganyiko huo huyeyushwa kwenye lita 4 za maji na kunyunyizwa sawasawa juu ya kilo 100 za miwa iliyokatwa. Wiki ya kwanza ni nusu ya kipimo. Rudi kwenye fahali wetu wa kilo 17 za miwa: atapata gramu 170 za mchanganyiko, yaani urea kama gramu 150. Inalingana na hesabu tuliyofanya, ukijumlisha ile inayopotea.

Urea inaua, na lazima niseme hivyo waziwazi. Inaua pale ilipolundikana sehemu moja ya hori, pale mvua ilipoingia horini na kuacha kidimbwi chini, pale ng'ombe aliyeshinda njaa alipofunguliwa mbele ya chakula kamili, na pale mtu alipotoa urea bila sukari ya kuibeba. Dalili huja haraka: mnyama anatetemeka, anatoa povu, tumbo linavimba, anaanguka. Anyweshwe mara moja siki lita kadhaa na maji baridi mengi, kabla ya kwenda kumtafuta mtu. Ng'ombe aliyekaa siku mbili tatu bila kula mlo huo aanze tena na nusu kipimo. Ndama wadogo, ambao rumeni yao bado haijakomaa, wasipewe kabisa.

Madini hayana mjadala mrefu. Miwa ina fosforasi kidogo na zinki kidogo, kwa hiyo jiwe la kulamba au chumvi yenye madini iwepo muda wote. Pumba zenyewe zina fosforasi nyingi, ambayo vijidudu vya rumeni huweza kuifungua.

Nikilitazama hili kutoka Afrika Mashariki, nasikitika kuona nusu mbili za mlo huu zinakaa mbalimbali. Miwa na molasi ziko kwenye kiwanda cha sukari cha TPC kusini mwa Moshi, ziko Kilombero, Mtibwa na Kagera, na ng'ambo ziko magharibi mwa Kenya, ambako familia nyingi zina miwa mlangoni na ng'ombe wawili watatu wanaolishwa vilele tu. Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, wanenepeshaji wanatumia maganda ya mbegu za pamba na mashudu ya pamba. Pumba laini za mpunga ziko popote penye mashine ya kukoboa mpunga, kutoka Kahama hadi Mbarali na Mwea. Mashudu ya pamba au alizeti yana protini mara mbili au zaidi ya pumba, na sehemu yake nzuri huvuka rumeni, kwa hiyo kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja kwa fahali kinaweza kufanya kazi ambayo pumba zilifanya Chetumal. Ukichanganya mashudu kidogo na pumba kidogo ni bora zaidi: mashudu yanaleta protini, pumba zinaleta wanga na mafuta. Kwenye pumba, hakikisha unanunua laini hasa. Zile zilizojaa makapi ya mpunga ni kuni, hazina kitu kwa ng'ombe. Na zisikae ghalani wiki nyingi, mafuta yake huchacha na ng'ombe hukataa.

Kwa asiye na fedha ya mashudu kuna njia iliyojaribiwa Morisi miaka hiyohiyo ya 1970, ambako lusina, mti wa malisho, ililinganishwa na mashudu ya karanga kama chanzo cha protini kwa ng'ombe waliolishwa molasi na urea. Lusina, gliricidia, majani ya mihogo yaliyonyaushwa, marando ya viazi vitamu: haya yanaota kwenye mipaka ya mashamba yetu. Si sawa na mashudu, kwa sababu sehemu kubwa ya protini ya majani huvunjwa ndani ya rumeni, lakini ni bora mara nyingi kuliko miwa mitupu.

Atakayejaribu asihukumu kwa macho. Ng'ombe wa miwa anajaza tumbo, ngozi inang'aa kidogo, na mwenyewe anaridhika wakati mizani haijasogea. Apime mzunguko wa kifua kwa utepe, saa ileile ya asubuhi kabla ya maji na chakula, kila baada ya wiki mbili. Kama baada ya mwezi fahali hajasogea, asiongeze miwa wala urea. Aangalie kwanza mashudu yaliyowekwa horini yaliliwa na nani, maana kwenye hori la pamoja wenye pembe kubwa hula ya wote. Na kama bei ya mashudu msimu huo imepanda kiasi kwamba kilo ya nyama hailipi, miwa na urea zitumike kuwavusha wanyama kiangazi wasikonde, wakisubiri majani ya masika. Kwa kazi hiyo, hesabu ya gramu 250 dhidi ya 240 inatosha kabisa.